Kiti ya Papa mu Foto ya Noeli

Mpaka leo niko na kasirani, na zaidi najikasirikia miye mwenyewe.

Papa yetu anatumika kazi ku mine, kule Kinsevere, na Noeli hii zamu ilimushika. Nikasema foto ya familia bila Papa haiwezekani. Basi tulivaa bote kikwembe moja. Nikapanga biti ya plastiki mu lupango, mbele nikaweka kiti ya Papa na foto yake kubwa mu kadre, na maua pembeni. Batoto balikuwa banacheka, nikabagombeza: "Hii iko foto ya heshima. Muntu asicheke."

Mama Kapinga, jirani ambaye bwana yake anatumika na Papa, alichungulia ku mulango, akaweka mikono ku kichwa, akaanza kulia. Akamupigia bwana yake simu palepale.

Nikamufokea: "Mama, unaharibu foto yetu."

"Lia tu, mutoto yangu," akajibu. "Papa yako alikuwa muntu muzuri."

Mbele nimujibu, simu yangu ikalia. Ilikuwa Papa mwenyewe, na sauti ya hasira.

"Benzangu hapa ku kazi bananikimbia. Nilikufa saa ngapi?"