Nilipanga apartment kali Mafia, baba mkwe akanipokea kwa soda

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenitokea mwenyewe. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, maisha yangu ni Dar. Mke wangu ni wa Kirongwe, Mafia. Ndoa tulifungia Dar kwa baba yake mdogo, baba yake mzazi alitoa idhini kwa simu kutoka Mafia kwa sababu ya kuumwa.

Maana yake nimeoa binti wa mtu na sijawahi kumpa mkono baba yake.

Mwaka huu tukapata likizo. Wife alikuwa na ombi moja tu, baba yake anione na anipende. Alilisema mara nyingi mpaka nikalikariri.

Sasa mimi mtoto wa mjini nikajiongeza. Nikaona tusiende kuwabana wazee. Nikabook serviced apartment pale Kilindoni.

Wakuu, ile apartment ni moto! Kuta nyeupe, jiko la kisasa, AC, bafu ambalo maji yanakushukia kama mvua ya masika. Kitandani wamekunja mataulo yakawa ndege wawili wanabusiana. Nilipiga picha hata ya swichi.

Wife alikuwa anacheka tu, ila kicheko cha nusu. Ningekuwa na akili ningeuliza.

Kesho yake tukapanda bajaji kwenda Kirongwe. Nimevaa kanzu imepigwa pasi, mkononi nina mfuko wa zawadi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibuni wageni."

Akatukalisha barazani. Pakaja sinia, soda mbili na glasi za kabatini. Mimi roho kwatu, nikajua nimepokelewa kifalme.

Nikageuka, wife machozi yanamlengalenga. Akaninong'oneza, "Kwetu maji huwa nachota mwenyewe mtungini. Leo baba ananiletea soda kama nimekuja kuhesabu watu kwenye sensa."

Hapo ndipo nikaanza kuelewa. Mafia ni ndogo wakuu, habari za sisi kulala Kilindoni zilifika Kirongwe kabla yetu.

Wife akaingia ndani kumsalimia mama yake. Alipotoka akanivuta mkono nikaone kitu.

Chumba kimefagiliwa. Chandarua kipya bado kina mikunjo ya dukani. Shuka jeupe, na juu yake asumini zimemwagwa, zimeshaanza kunyauka. Walitutandikia tangu jana, wakatusubiri.

Niliona aibu, sifichi. Mimi nilidhani nawapunguzia usumbufu, kumbe nimewaambia wazee nyumba yao hainitoshi.

Nikarudi barazani.

"Baba, mizigo yetu imebaki mjini. Naomba ruhusa nikaifuate."

"Uifuate ya nini? Si mmeshapata kwenu huko?"

"Kule tumepanga tu, baba. Kwetu ni hapa."

Mzee akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Nenda basi. Na usichelewe, nataka tuswali magharibi pamoja msikitini wakuone."

Wakuu, yule dereva wa bajaji nilimhimiza mpaka akaniuliza kama kuna msiba. Pale apartment dada wa mapokezi akauliza kuna tatizo gani na chumba. Nikamwambia chumba hakina kosa, mwenye kosa ni mimi.

Usiku ule tulikula wali wa nazi na pweza, wife akachota maji yake mwenyewe. Mama mkwe akaomba kuona picha za lile bafu. Akatazama weee, kisha akasema, "Mvua ndani ya nyumba! Sisi ikivuja tunaziba."

Alfajiri baada ya swala nikasikia naitwa uani. Mzee ana majembe mawili, moja akanikabidhi bila maneno mengi. Tukaenda kwenye mihogo.

Nimelima mpaka viganja vikatoa malengelenge. Jirani mmoja akapita njiani, akatupigia kelele:

"Mzee wangu! Mgeni siku mbili, ya tatu ndiyo jembe! Huyu si kaja jana?"

Baba mkwe hakuinua hata kichwa.

"Mgeni yuko wapi? Huyu mwanangu."

Nikainama nikaendelea kulima, maana macho yalikuwa yameingiwa na kitu na sikutaka wanione.

Funzo langu ni hili: ukweni usijiamulie kwamba unawapunguzia watu mzigo. Waulize kwanza, huenda huo mzigo wameusubiri kwa hamu. Apartment ni nzuri, nendeni mkastarehe, ila mkapige hodi kwa wazee kwanza.

Mlioolea mbali, nyie mlichemka wapi siku ya kwanza? Semeni tu, wife anataka kujua kama niko peke yangu.