Ntumba Hakujua Kushiba

Dada yangu alikula beseni zima la unga mbichi.

Mchana kweupe, mtaa wa wachimba madini wa Dilala, enzi za Zaïre. Mama aliporudi kutoka sokoni alimkuta chini ya meza, uso mweupe, unga umemganda kwenye meno. Ntumba alikuwa na miaka minane.

Akainua kichwa, akauliza: "Mama, tutakula saa ngapi?"

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nasimulia kama mama yangu Tshiela na shangazi yangu Mbombo walivyonieleza, kila mmoja peke yake, na maneno yao hayakupishana.

Ntumba alikuwa mnene hata akitembea anahema. Mwanzoni Tshiela alijivunia. Baba, Badibanga, alikuwa mtu wa mgodini, na kwenye nyumba za kampuni mtoto mnene alionyesha kwamba mshahara unafika nyumbani.

"Mama Ntumba, we unajua kulisha," majirani walimsifu.

Kisha Ntumba akaanza kuchakura jaa la taka. Akala samaki wabichi wa jirani. Akagombania makombo na mbwa.

Sifa zikageuka. "Yule mutoto anakulia mutu mwingine, ni buloji," wakanong'ona, yaani uchawi.

Hospitalini, daktari Numbi hakuuliza mtoto anakula nini. Aliviangalia viganja vyake, vidogo kama vya mtoto wa miaka minne, akauliza: "Mama, alipozaliwa alinyonya namna gani?"

Tshiela alishangaa. "Hakunyonya, munganga. Alikuwa laini sawa kitambaa. Hata kulia hakulia. Tulimupa maziwa na kijiko."

"Basi haiko buloji, wala haiko tabia mbaya. Alizaliwa nayo. Kule Ulaya wanaiita Prader-Willi. Pale kichwani panapomuambia mutu ameshiba, kwake hapasemi kitu."

"Na dawa?"

"Dawa ni wewe. Funga chakula na kufuli. Umupe kidogo kwa saa yake, atembee kila siku. Na mutu yeyote asimuongezee. Tumbo lake linaweza kupasuka na yeye asisikie."

Tshiela alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wasimpe mwanawe chakula. Hebu fikiria. Mahali ambapo mtoto wa jirani hunawa mikono na kuketi bila kuulizwa, mama anaomba wa kwake anyimwe.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akisonga ugali alimcheka usoni. "Bukari ya kwako imekuwa dhahabu?"

Habari zilifika mpaka Sandoa, alikofanya biashara shangazi Mbombo, dada ya baba. Akapanda lori. Alisimama uani ili mtaa mzima usikie.

"Muke wa kaka yangu! Mutoto analia njala, na wewe umevaa funguo shingoni sawa rozari."

"Kaa hapa, umuchunge juma moja," Tshiela alimjibu. "Kisha unitukane vizuri."

Juma halikuisha. Ntumba alimaliza karanga zote shangazi alizoleta kuuza, na maganda yake. Shangazi akaketi kizingitini, mikono mapajani.

"Sikujua," akasema. Kisha akarudi Sandoa kwenye biashara yake.

Mwaka mzima Tshiela alishikilia. Ntumba akapungua, akaanza kufika shuleni bila kupumzika njiani. Lakini kila mlo ulikuwa vita.

"Hunipendi, mama. Batu bote banasema."

Baba aliinuka mezani akaenda kukaa nje. Neno "hapana" likabaki la mama peke yake.

Ikafika siku ya komunyo ya kwanza ya Ntumba. Gauni jeupe, wali, kuku, mikate, sombe ya majani ya muhogo, nyumba imejaa wageni.

"Mama, leo tu. Nikule sawa benzangu."

Wageni wote wakamtazama Tshiela. Shangazi Mbombo, aliyekuja kwa sherehe, akamshika mkono. "Usimupe, Tshiela. Mi mwenyewe nakuomba."

"Mwaka mzima nimekuwa adui wa mutoto wangu," mama akasema. "Leo niache niwe mama yake."

Akampakulia sahani. Akampakulia ya pili. Baadaye hakuna aliyejua ni ya ngapi. Wanawake waliomtukana walipiga vigelegele.

Jioni tumbo la Ntumba lilikuwa limekaza kama ngoma.

"Linauma?" mama akauliza.

"Haiume, mama." Akatabasamu. "Kuko mukati ingine?"

Walimkimbiza hospitalini. Alikata roho kabla hajafika chumba cha upasuaji. Tumbo lilikuwa limepasuka, na hakuwa ametoa hata mguno.

Kwenye matanga wale wale wanawake walikaa mkekani, wakatikisa vichwa.

"Si tulisema? Amemuua na njala."

Mama hakuwajibu. Hajawajibu mpaka leo.

Ndiyo maana ninawajibu mimi. Wewe unayesoma, kama mtaani kwenu kuna mtoto wa namna hii, usimpe mkate kwa siri kisha ukajiita mwenye huruma. Na usimwachie mama yake aseme "hapana" peke yake, maana iko siku atachoka.

Chukua na wewe zamu yako ya kuchukiwa.