Vipande vya Mshipi wa Dereva

Hakuna jambo chini ya jua hili linaloweza kunishangaza. Niulize mimi. Niliacha shule darasa la tano, nikaingia Nairobi na shati moja, nikajifunza kushona ngozi pale Kariokor kwa kutazama tu mikono ya wengine, na miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa na kibanda changu mwenyewe upande wa Mowlem, mabati mapya, kufuli la shaba. Nimeuzia mshipi mhubiri na mwizi siku moja, na wote wawili waliniomba nipunguze bei kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo nikikuambia kuna mshipi mmoja ambao hadi leo haujaniacha, ujue huyu anayesema si mtu wa kushtukashtuka.

Mishipi ya mjini ilishonwa kwa mashine. Mashine haina habari na mtu. Mimi nilishona kwa mkono, sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta: hii inaingia huku, ile inatokea kule, zinapishana ndani ya tundu moja, unavuta mpaka ngozi inalia. Mshono mmoja ukikatika, mingine yote inabaki imeshika. Watu walitoka Donholm, watu wa nyumba nzuri, wakanipanga foleni. Sisemi kwa kujisifu, ingawa najisifu.

Huyu dereva alikuwa jirani. Aliendesha lori la kampuni moja ya kusafirisha mizigo, mtu mkubwa, kiuno kama pipa, sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Alikuja na mdogo wake, nao walikuwa wamelingana maungo kiasi kwamba tangu utotoni walivaa nguo moja kwa zamu. Nikawapima, nikawakatia mishipi miwili kutoka ngozi moja ya ng'ombe, urefu mmoja, matundu matano kila mmoja, chuma kikifunga katika tundu la katikati.

"Fundi, huu utanifikisha wapi?" dereva akauliza akijipigapiga tumbo.

"Utazikwa nao, mzee. Na siafu watamaliza wewe, wauache."

Tukacheka sote watatu. Ndivyo nilivyouza bidhaa yangu wakati huo, kwa mdomo.

Alikuwa na desturi ya kugonga meza yangu kwa ufunguo wa lori, mara mbili, kabla ya kunisalimia. Msimu mmoja wa jua kali akaja mchana, saa ambayo watu wamejificha vibandani. Akagonga. Nilipoinua macho nilimjua kwa ule ufunguo kwanza, kisha uso. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Akafungua koti, nikaona mshipi umefungwa tundu la mwisho na bado suruali inateleza.

Nikachukua chuma cha kutobolea na nyundo. "Hilo ni jambo dogo. Lete nikuongezee tundu."

"Usiguse matundu," akasema. "Hata moja."

Lazima nieleze siku hizo zilivyokuwa, kwa maana vijana hawajui. Watu walikuwa wameanza kukutazama kiunoni kabla ya kukutazama usoni. Mshipi unasema. Tundu la zamani lililopanuka likawa kama yai, liko pale nje linaning'inia bila kazi, na pembeni yake tundu jipya, na jingine jipya zaidi, na mkia wa mshipi unazidi kurefuka mpaka unazunguka mgongoni. Mtu akiona hivyo anajua ni ule ugonjwa usiotajwa. Halafu anasogeza kikombe chake mbali na chako.

"Pale yadi msimamizi ametazama mishipi ya watu wawili," dereva akaniambia. "Wote waliambiwa waende wapumzike kidogo. Kupumzika gani huko, fundi, hawajaitwa tena. Mimi nina watoto shuleni. Kata upande wa chuma."

Nikaelewa papo hapo, na nitakuambia ukweli, kilichonijia kwanza hakikuwa huruma. Kilikuwa fahari. Hakuna fundi mwingine Nairobi nzima ambaye angeiweza kazi hiyo isionekane. Nikafumua mshono unaoshikilia chuma, nikakitoa, nikakata inchi mbili kutoka upande ule, nikapunguza unene wa ncha kwa kisu, nikaikunja upya kwenye chuma, nikashona. Uzi mpya ungenichongea, kwa hiyo niliupaka nta na masizi mpaka ukazeeka mbele ya macho yetu. Akauvaa. Chuma kikaingia katika tundu lilelile la katikati, lilelile la yai. Mkia ukaning'inia palepale.

Alijitazama chini kwa muda.

"Sasa mimi ni yuleyule," akasema.

Kisha akaniinamia. "Usimwambie mtu. Mke wangu anajua. Ananipunguzia suruali kwa cherehani na haniambii, na mimi pia simwambii. Tunaishi hivyo. Lakini wewe usimwambie mtu."

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikamuuliza, "Na ukishakwenda?"

"Hapo ndipo ufunge mdomo zaidi. Mimi nitakuwa nimeshapita. Yeye ndiye atakayebaki na midomo ya watu. Watasema ni yeye aliyeniletea, watamtoa kwa nyumba na watoto. Wewe huwajui ndugu zangu."

"Mdogo wako je?"

"Huyo ndiye wa kwanza."

Akarudi, na akarudi tena. Kila mara ufunguo unagonga meza, polepole zaidi. Nilipomzungushia mshipi kujaribu, mikono yangu ilikutana mgongoni kwake kama vile namkumbatia mtoto. Alikuwa anavaa sweta mbili ndani ya shati, kwenye jua la Mowlem, jasho linamtiririka, na pale barabarani anawasalimu watu kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto. Sauti ndiyo haikukonda. Nilikuwa nikisikia anacheka na wauza mboga, nami najua chini ya lile koti kuna nini, naona kama nimemficha mtu ndani ya mtu.

Sasa vile vipande. Fundi wa ngozi hatupi kitu. Vipande vya wengine vyote nilivigeuza vishikio vya funguo. Hivi vya dereva sikuweza. Vilikuwa vimenywa jasho lake. Kila kimoja kilikuwa kimeshika mviringo wa kiuno chake, na nilipokilaza mezani kilikataa kulala, kikajikunja upande wake. Nikaogopa nisije siku moja, kwa haraka, nikakishona kwenye mshipi wa mtu mwingine. Kwa hiyo nikavitunga kwenye uzi, cha kwanza juu, cha pili chini yake, nikavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Upepo ukipita vilizunguka vyote kwa pamoja, upande mmoja, taratibu, mithili ya mtu anayegeuka kukutazama.

Alifanya kazi karibu mpaka mwisho. Hawakumpumzisha. Hilo nililiweza mimi, kwa sindano mbili. Alipofariki ilisemwa ni kifua, na kifua ni ugonjwa wa heshima, watu wakalia bila kunong'ona. Alizikwa kwao, kwa suti. Mshipi ukabaki nyumbani na nguo zake nyingine.

Baada ya mazishi nilisikia ufunguo. Naongea kama mtu mwenye akili timamu. Nimeinama, nashona, nasikia meza imegongwa mara mbili, nainua macho, hakuna mtu. Nikahamisha meza upande mwingine wa kibanda. Ikagongwa huko. Sikumwambia mtu, maana mteja gani ataleta kiuno chake kwa fundi anayesikia vitu?

Katika desturi ya kwao nguo za marehemu hugawiwa mbele ya ukoo, na mshipi humwendea mdogo anayemfuata, naye huuvaa pale pale kila mtu akiona, kama ishara kwamba nyumba bado imefungwa imara. Basi siku ya kugawa ilipofika mdogo mtu akasimama katikati ya sebule, akauzungusha. Haukufika.

Waliokuwepo waliniambia kwamba mwanzoni watu walicheka. "Punguza nyama, bwana!" Naye akacheka, akavuta tumbo ndani. Haukufika. Ndipo akavua wake mwenyewe, ule pacha, akailaza yote miwili mezani. Chuma kwa chuma. Wa marehemu ulikuwa mfupi kwa zaidi ya shubiri, na bado ulikuwa mzima. Haukuwa na mahali palipokatwa. Tundu la katikati limepanuka kama la mwenzake. Mishono ya zamani, safi. Mkia wenyewe, matundu yenyewe, lakini mshipi umepungua.

"Ngozi haikondi," mama mmoja akasema, na kuanzia hapo hakuna aliyecheka tena.

Wakaja kwangu. Mdogo mtu mbele, wazee wawili wa ukoo wao wanaoishi mjini, na vijana wa kutosha kunikunja. Nikafunga mlango wa kibanda ili watu wa njiani wasisikie, na kwa kuufunga nikawaonyesha nyuma yake. Vile vipande, kwenye uzi, vimepangwa. Vikageuka vyote kwa pamoja vikawatazama.

Sijawahi kuona wanaume wakirudi nyuma hivyo.

"Ulikuwa unamkata," mdogo mtu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulikuwa unamkata ndugu yangu kidogo kidogo."

Jumapili alasiri nikaitwa kwenye nyumba ya marehemu. Tulianza kwa sala, na sala yenyewe nzuri, kisha tukaingia kwenye uchawi. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na cherehani yake, mtoto wa mwisho amelala mapajani. Hatukuwahi kuongea zaidi ya salamu, mimi na yeye. Lakini katika nyumba ile yote sisi wawili tu ndio tuliojua: yeye kwa suruali, mimi kwa mshipi.

"Nilisikia mwenyewe," mdogo mtu akaanza. "Huyu fundi alimwambia, utazikwa nao. Mbele yangu! Na mimi mjinga nikacheka."

Mzee mmoja akaninyooshea vile vipande kwa kijiti, hakutaka kuvigusa. "Kijana, hivi ni vya mshipi wa mtoto wetu?"

"Ni vyake."

"Nani alivikata?"

"Ni mimi."

"Alijua?"

Hapo ndipo nilipotazama mkeka. Sentensi moja tu ingenitoa. Alikuja mwenyewe, aliniomba, alikuwa anakonda, ulizeni alikuwa anakonda kwa nini. Ningetoka pale nikiwa fundi bingwa, na jina langu Eastlands nzima lingekuwa safi kama sahani. Mjane hakuniomba kwa macho, usidhani hivyo. Alikuwa anamfunika mtoto miguu kwa leso, anafunika na kufunika tena, hali leso ilikuwa imeshafika.

Nikasikia ufunguo. Juu ya ile meza yao, katikati ya watu wote, mara mbili. Hakuna mwingine aliyegeuza kichwa.

"Hakujua," nikasema.

"Ulitaka nini kwake?"

"Wazee, mimi nimekubali. Nitajieni cha kulipa."

Mdogo mtu aliinuka kunipiga, wakamshika. Mzee akanung'unika kwamba mchawi anayekiri haraka ni mchawi mwenye adabu, na mtu mmoja akacheka puani. Wakasema: vipande virudishwe mahali pake, kwa mkono uleule uliovikata. Kisha mbuzi dume asiye na dosari, na chai ya wazee, na kitu cha kuosha mikono ya aliyeshika vipande.

Niliushona mshipi palepale, wakinizunguka. Kipande kwa kipande, cha mwisho kwanza, na hiyo mara moja katika maisha yangu nilishona mishono ionekane, mikubwa, uzi mweupe, ili kila mtu aone nilipomrudishia. Mdogo mtu akauvaa. Ukamfika. Akafunga chuma katika tundu la kaka yake na akaanza kulia kwa sauti, ile sauti ya ng'ambo ya mto, kumbe na yeye alikuwa nayo.

Wateja wa Donholm walikwisha ndani ya mwezi. Nilifunga kibanda, nikaanza upya mbali, na leo nina duka la kioo, kwa hiyo usinionee huruma. Mjane alibaki katika nyumba ile, akalea watoto wake wote, hakuna aliyemwekea mdomo. Mwaka huu, sasa ambapo watu wanameza dawa zao na kunenepa, alinitafuta mpaka dukani, nywele zimekuwa mvi, akaniambia, "Shemeji, sasa unaweza kusema." Ndiyo sababu nimesema.

Yule mbuzi nilimchagua mwenyewe Kiamaiko, na nilichukua dume mzuri kuliko wote sokoni siku hiyo, kwa maana kama ni kuitwa mchawi basi nisiitwe mchawi bahili. Nikamvuta kwa kamba mpaka mlangoni kwao, watu wakipisha njia. Mbuzi shilingi elfu moja mia saba na hamsini, sukari, majani na maziwa mia moja na themanini, ya kuosha mikono mia mbili. Kunyamaza kulinigharimu shilingi elfu mbili, mia moja na thelathini.