Moshi wa Susu

Nakumbuka siku moja nilipomnyang'anya nyanya yangu moshi wake, nikajiona mwema kuliko watu wote wa kilima chetu.

Usicheke, mwanangu. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa fundi wa cherehani mjini Machakos, msichana mwenye maringo ya kujitegemea. Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, alikuwa amenilea tangu utotoni, na sasa alibaki peke yake kule mlimani. Moshi wa kuni ulikuwa unamharibu macho. Kila nilipokwenda nilimkuta akikohoa na kufuta machozi kwa upindo wa leso. Basi nikamnunulia jiko la gesi, lile dogo linalokaa juu ya mtungi, nikamfundisha kuliwasha mpaka akaweza.

Jirani yake, Mama Ndunge, aliishi ng'ambo ya bonde. Alivuka kuja kuliona hilo jiko. Hakulisifu. Aliuliza tu, "Na sasa mimi nitajua aje kama ameamka?"

Nilicheka. "Kwani Mama, wewe ni askari wa moshi?"

Susu hakucheka nami; aligeuka akatazama ng'ambo ya bonde. Nilidhani ni furaha ya jiko tu.

Mvua za Novemba zikaja. Asubuhi moja Susu aliteleza kizingitini, akaanguka, mguu ukavunjika. Aliita mpaka sauti ikakauka. Ng'ambo, Mama Ndunge alipalilia shamba lake siku nzima bila wasiwasi. Zamani angeona hakuna moshi na angeshtuka, lakini sasa kila siku haukuwepo. Mbuzi ndio waliomwokoa Susu. Jua likielekea kutua, Mama Ndunge aliwasikia wakilia zizini, hawajafunguliwa tangu asubuhi. Alitupa jembe akavuka bonde mbio, na yeye naye hakuwa msichana.

Nilimkuta Susu wodini, midomo imepasuka kwa kiu. Mama Ndunge alikuwa ameketi kando yake, miguu bado ina matope. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Miaka yote nilikuwa naangalia ule moshi," alisema. "Nikiuona, najua Susu ako sawa, naenda shamba. Jiko ni nzuri, mama. Lakini ungeniuliza."

Nililia pale pale mbele ya wagonjwa. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Jiko hatukulirudisha, maana macho yake yalikuwa yameanza kupata nafuu. Ila tulipatana jambo. Kila akiamka, kabla hata ya chai, Susu angeanika leso nyekundu juu ya ua wa minyaa unaotazama bonde. Ufunguo wa pili tukampa Mama Ndunge. Kizingiti nilikisawazisha, na karibu na kitanda nikaweka tochi, chupa ya maji na filimbi. Hiyo filimbi ilimchekesha sana, akasema nimemfanya refa.

Leso ile ilianikwa miaka saba. Kisha asubuhi moja haikuonekana. Mama Ndunge hakungoja chai yake ichemke. Alifungua mlango akamkuta Susu kitandani, pumzi zinahesabika, akamshika mkono mpaka ile ya mwisho. Susu wangu hakufa peke yake, mwanangu. Mpaka leo hilo ndilo linaloniliwaza.

Basi nakuusia hivi. Unapomletea mzee kitu kipya, uliza kwanza kile cha zamani kilikuwa kinamfanyia kazi gani. Muulize yeye, kisha umuulize na jirani yake, kwa sababu heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Simu uliyoninunulia ni nzuri, nashukuru, lakini simu huisha chaji. Ukija Krismasi nitazamie na kile kizingiti cha bafu, kimeanza kuteleza. Kinga ni bora kuliko tiba, na mifupa yangu si ya kujaribiwa.

Tangu nilipohamia hapa kwa Susu, nami huanika leso yangu kila asubuhi. Ndunge, binti wa yule mama, huitazama kutoka ng'ambo, na ufunguo wangu anao.

Mungu akujalie uzee mrefu, mwanangu, na jirani atakayevuka bonde mbio siku leso yako isipoonekana.