Nilizifumua Nukta Nyekundu za Dada Yangu

Kosa ni langu. Nalitanguliza ili ukifika katikati usije ukadhani kuna mtu nitakayemsukumia. Daktari hakukosa, mwajiri wangu hakukosa, hata mvua za mwaka ule hazikukosa. Nilikosa mimi, kwa mkono huu huu unaoandika, nikiwa nimeshika wembe.

Jina langu silitaji. Waliokulia Makindye karibu na kambi ya jeshi huenda wakanitambua. Wakinitambua, sawa. Aibu yenyewe ninayo tayari.

Mimi ni mtu wa kyeyo, kama tunavyowaita hapa Kampala wale waliokwenda nje kuhangaikia maisha. Nilikaa Uarabuni miaka tisa. Nilifika na begi moja na viatu vya kuazima, nikaanza kwa kusugua vyoo vya hoteli. Baada ya zamu, wenzangu wakiwa wamelala, mimi nilikuwa darasani, mpaka nikapata diploma ya usimamizi wa hoteli. Ipo sebuleni, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, na mgeni akiingia kwangu hakai kabla hajaiona. Hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi niliezeka upya nyumba ya marehemu baba, nikaweka vigae sakafuni, geti la chuma na tangi la maji. Nikapata umeneja katika hoteli moja mpya kule Ntinda. Mtaani wakaanza kuniita Bosi. Nilipenda, sitadanganya.

Katika nyumba hiyo nilimkuta mdogo wangu wa kike. Nitamwita Hadija. Alikuwa anaishi na binti yake, Sauda, wa miaka kumi na sita.

Hadija ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi tunauita siko seli. Amezaliwa nao. Siku mbaya ikimfikia, anasema ni kama kuna mtu ameingia ndani ya mifupa yake anasaga mahindi. Madaktari walimwambia mama asitegemee kumwona akifika miaka ishirini. Sasa ana thelathini na saba.

Sisi ni Wanubi. Kwetu binti hatoki kwenda kwa mumewe bila tabaga, yaani yale makawa ya rangi ya kufunikia chakula, na yanapendeza yakiwa yamesukwa na mama yake mwenyewe. Mama yetu alifariki kabla hajamaliza ya Hadija. Akaolewa na matatu tu, na wakwe zake hawakuacha kuyataja matatu hayo mpaka siku ndoa ilipovunjika. Hadija akajiapia kwamba Sauda atatoka na kumi na mawili, yote ya mkono wa mama yake. Hilo ndilo lilikuwa lengo lake hapa duniani. Niliporudi alikuwa amemaliza manane, kwa miaka sita.

Nilicheka. Nilimwambia kule nilikotoka, kwa miaka sita watu wanajenga mji.

Ngoja nikueleze alivyokuwa akifanya kazi, maana hapo ndipo penye kosa langu.

Kila asubuhi, akishameza dawa zake na kunywa maji mengi, Hadija alitandika mkeka mlangoni, jua linapoingia. Alinyoosha vidole, magoti, mabega. "Najisikiliza," alisema. Kisha alichukua uzi mwekundu, akaufunga kwenye ukindu mbele ya pale alipoachia jana. Hapo ndipo angeishia leo. Siku nzuri uzi ulifungwa mbali. Siku mbaya ulifungwa mshono mmoja tu mbele. Akiufikia aliushonea ndani, ukabaki kama nukta, naye akaweka sindano chini.

Aliiweka chini hata kama alikuwa na nguvu. Hata kama ilikuwa saa nne asubuhi na mchana wote uko wazi mbele yake!

Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Mtu mwenye nguvu anaachaje kazi? Siku moja nikamuuliza, naye akanijibu bila kuinua macho.

"Naacha mkono ukiwa bado unataka, kaka. Ukibaki na hamu, kesho unarudi wenyewe. Nikiushibisha, kesho naamkia kitandani."

Nikamwambia huo ni uvivu uliopakwa hina. Sauda alicheka. Hadija hakucheka.

Basi, hoteli yetu ikawa inajiandaa kufungua ukumbi mpya wa chakula. Tajiri alitaka vitu vya asili ukutani. Kwenye kikao nikanyoosha mkono, nikatoa simu, nikaonyesha picha za makawa ya mdogo wangu. Akayapenda papo hapo. Akauliza kama anaweza kupata sita kwa miezi miwili. Nikasema hata nane. Hakuna aliyeniomba nane, ndugu msomaji. Mdomo wangu ulijisemea wenyewe, kama kawaida yake.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Wallahi niliamini namfanyia hisani. Hadija alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba hawezi. Angeweza moja, tajiri akisubiri. Nikamweleza juu ya nafasi ambazo hazirudi mara mbili, nikamsimulia tena habari za vyoo na diploma. Bado akasema hawezi.

Ndipo nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia njiani nasimama.

"Basi utakufa, na watu hawatakuwa na cha kukukumbukia ila ugonjwa."

Nilisema hivyo Sauda akiwa pale, ameshika sufuria. Hadija alimtazama binti yake kwa muda, halafu akanitazama mimi.

"Manne," akasema.

Nikaichukua kazi ile kama nilivyofundishwa. Nilichapa ratiba hotelini, nikaibandika ukutani kwake: saa za kuanza, saa za kupumzika, saa za kumaliza. Kila jioni nilipita kukagua. Kawa la kwanza lilimalizika kwa wiki mbili na siku chache. Nikampongeza. Nikamwambia, unaona?

Kisha nikaliweka chini ya taa, nikalikagua kwa jicho la meneja. Nukta nyekundu zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Huku ziko mbili zimebanana, kule iko moja peke yake, hazifuati mchoro wowote. Kwa jicho langu hizo zilikuwa dosari, na mimi nilipandishwa cheo Uarabuni kwa sababu ya kuona dosari. Nikamwambia tajiri hatakubali.

"Hizo ni siku zangu, kaka," akasema.

Nilimsikia. Usidhani sikumsikia. Lakini nikaketi mezani, nikachukua wembe, nikazifumua moja baada ya nyingine, nikampa ajazie rafia safi. Na kwa yale matatu yaliyobaki nikakataza nukta kabisa. Nikamwambia alama aiweke kichwani. Ili asijisahau, nikauchukua ule uzi mwekundu, nikaufungia kwenye droo ya ofisi yangu Ntinda.

Sikujua kwamba nimekata breki za gari linaloteremka mlima wa Makindye.

Bila uzi, Hadija hakuwa na pa kuishia. Alisuka mpaka alasiri, akasuka mpaka magharibi. Mvua zikaanza, jua likatoweka mlangoni, akahamia sebuleni kwangu kwa sababu ndiko kwenye taa nzuri. Akawa anakaa juu ya vigae. Vile vigae vyangu nilivyovisifia mtaa mzima, na vina baridi kama jiwe la kisimani! Mtu mwenye siko seli na baridi hawapatani, jambo hilo kwetu linajulikana hata na mtoto. Mimi nilikuwa nalijua. Nilipita pale kila jioni na viatu vyangu, nikahesabu mizunguko, nikaenda kula.

Sauda alinifuata uani siku moja, akaniambia, "Mjomba, mama halali. Anauma kanga ili tusimsikie." Nikamjibu kwamba kila aliyefanikiwa alikosa usingizi kwanza. Nikamwambia hata mimi.

Siku ya Jumatano, mchana, nilikuwa ukumbini nikimwonyesha tajiri makawa mawili yaliyokwisha. Simu ikaita, nikaona ni Sauda, nikaikata. Ikaita tena, nikaikata tena. Tajiri alikuwa anasifia, na mimi nilitaka kusikia sifa mpaka mwisho.

Nilipofika nyumbani nyumba ilikuwa wazi. Sindano ilikuwa juu ya vigae, imeachwa katikati ya mshono. Jirani akaniambia wamekwenda hospitali kwa bodaboda, mama katikati, mtoto nyuma amemkumbatia asianguke. "Bambi, maskini," akasema, "tulidhani wewe ndiye umetuma pikipiki."

Alilazwa siku kumi na moja. Kuna siku mbili ambazo hakuwa akitujua. Maumivu yalipopungua, bega la kulia likakataa kuinuka. Daktari akaniita pembeni. Alisema kichwa cha mfupa wa bega kimekosa damu, kimekufa. Akaongeza kwamba jambo hili kwa wagonjwa hawa huja polepole, huenda lilianza zamani, na yeye hawezi kusema ni kwa sababu ya kusuka.

Unaona? Hata daktari alinifungulia mlango wa kutokea. Nilikaa kwenye benchi nikiutazama mlango huo. Lakini mimi niliijua mizunguko, niliihesabu mwenyewe kila jioni. Na bega lile ni la mkono wa sindano.

Hadija hakunilaumu. Ningependa anitukane, ningepumua. Alipoweza kusema maneno mengi, aliuliza swali moja.

"Uzi wangu mwekundu uko wapi?"

Nilikwenda Ntinda na kurudi kwenye msongamano wote ule wa magari, nikamletea. Aliuweka chini ya mto, akalala.

Sasa niambie, mtu mwenye akili angenyamaza hapo, sivyo? Mimi nilikwenda tena na wazo. Nilimwambia nitatafuta wanawake wa kwetu, mafundi hasa, wamalizie makawa ya Sauda, yeye apumzike. Aliniangalia jinsi unavyomwangalia mtu aliyeingia na viatu msikitini. Sikulirudia.

Makawa yale mawili yako ukutani mwa ukumbi wa hoteli. Nayapita kila asubuhi. Wageni wanayapiga picha. Tajiri anapenda kuwaambia, kazi safi, haina hata doa. Ni kweli. Ukiyatazama huwezi kujua mwenye kuyasuka alipumzika wapi. La kwanza nililikwangua mwenyewe, na katika la pili hakupumzika. Nilimwomba tajiri nimbadilishie kwa picha nzuri za kuchora. Alicheka, akadhani natania.

Sauda haniiti mjomba tena. Ananiita Bosi, kama watu wa mtaani. Analitamka kwa adabu kabisa, huku ananiwekea chai. Ndugu msomaji, jina nililolipenda miaka yote sasa likitamkwa nyumbani kwangu nainamisha kichwa.

Lile kawa la tatu, ambalo lilikuwa halijakwisha, Hadija alilichukua liwe la tisa la binti yake. Mkono anauegemeza juu ya mto, anasuka kwa kiganja tu, bega limetulia. Amerudi mlangoni kwenye jua. Kawa hilo katikati lina duara safi, pana kama kiganja changu, halina nukta hata moja. Baada ya duara hilo nukta nyekundu zinaanza, zimebanana kama punje za mtama. Nilimsihi alifumue lile duara, aanze upya. Nilisema nitafumua mimi, polepole, kwa uangalifu.

"Hapana," akasema. "Hizo nazo ni siku zangu."

Kwa hiyo Sauda atatoka nalo. Litakwenda mpaka kwa wakwe zake, litafunika chakula chao, na mtu atauliza kwa nini hapa katikati hakuna alama. Sauda atamjibu. Mimi sitakuwapo kujitetea.

Wewe uliyerudi kutoka nje na pesa na maneno kama mimi, na wewe ambaye hukuenda popote lakini unaamini kila aliyekaa chini ni mvivu, nisikilize. Ukiwa na mgonjwa nyumbani mwenye jambo lake analoliendea polepole, usimharakishe kwa jina la mapenzi. Mwendo ule hakuupata kwa uvivu. Ameununua kwa maumivu ambayo wewe ungeyalia siku moja tu ukakata tamaa. Ukimwona anaacha akiwa bado na nguvu, jua nguvu hizo zina kazi: ni za kumfikisha kesho. Alama yake usiiguse. Na mtoto wake akikupigia simu, pokea.

Sijui kama makawa kumi na mawili yatatimia. Yeye mwenyewe hajui, wala haulizi.

Jana asubuhi alijisikiliza, akafunga uzi mishono miwili mbele. Akasuka wa kwanza, akasuka wa pili, akaweka sindano chini. Ilikuwa saa tatu, jua ndiyo kwanza linafika mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama pale na tai yangu, tayari kwenda kazini, na maneno yamenijaa mdomoni kama zamani.

Nikayameza. Nikaenda kumletea maji.