Msitu Uliofagiwa

Shangazi yangu wa Kirongwe hana mchezo na uchafu. Mpe fagio la chelewa uone. Atafagia mpaka kivuli chako. Ndiyo maana, tuliposikia mtaalamu wa udongo anakuja kuutazama msitu wetu, akatuamuru wanawake wa ukoo tuufagie. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini asikute majani chini.

Nilifagia huku nanung'unika. Kumcheka sikuthubutu, maana nilijua anaogopa nini. Kamati ya kijiji ilikuwa inataka kuukata msitu ipande mikorosho, na kisima cha shangazi kimo humo. Miaka hii ya jua kali visima vya majirani vimeingia chumvi. Chake bado kina maji baridi.

Mtaalamu akaja, binti mdogo kavaa mabuti. Akatazama chini, akaduwaa.

"Shikamoo, shangazi. Majani yako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tumeshayatoa yote," shangazi akajibu, kifua mbele.

Binti akakaa kwenye mchanga akatueleza. Chini ya majani yanayooza huishi kuvu, nyuzi nyeupe zinazoshikana na mizizi. Mti huvuta hewa ya ukaa, huigeuza chakula, na kuvu nayo hugaiwa. Kuvu huurudishia mti maji na rutuba, na ukaa mwingine hubaki ardhini, usirudi hewani kutuzidishia joto. Nyuzi hizo ndizo alizotaka kuionyesha kamati, na sisi tumeshazifagia.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ya shangazi mimi nilikuwa naijua. Nyuma ya kisima, katikati ya mizizi, ana jaa la majani ya miaka yote, kalizungushia makuti asilione mtu. Akavuta kanga usoni. "Nifuate," akamwambia binti.

Majani yalipofunuliwa, nyuzi zilikuwa zimetanda kila mahali, na vijizizi vimepanda humo humo kula. Binti alicheka kwa furaha. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Shangazi hakucheka.

Ijumaa baada ya sala kamati ikakaa. Mzee mmoja akasema yeye msituni kaona mchanga mtupu, hizo nyuzi ni hadithi. Kama leo tunateka maji baridi mle, ni kwa kilichofuata. Shangazi, ambaye hajawahi kukubali sufuria yake ionekane na masizi, alisimama mbele ya kijiji kizima, wakwe zake wamo.

"Uchafu upo," akasema. "Ni wangu. Njooni kisimani kwangu mkauone."