Madigadi ya Kushoto ya Opel

Tukijan hakuwa mtu wa kutulia hata siku njema. Kazi ya kunyoosha mabati ya magari kwa miaka mingi ilimwachia mkono wa kulia usiojua likizo. Akinywa kahawa, vidole vinagonga meza. Akisubiri swala, vinagonga paja. Mkewe Sutinah alishasema kwamba siku akifa wataufunga mkono huo kwanza ndipo waoshe sehemu nyingine. Lakini juma lile lilizidi. Tangu Jumamosi aliporudi kutoka mji wa Srengat kulitazama gari la mjane Bu Wiryo, alikuwa akiingia gereji na kutoka bila kushika nyundo, anahamisha jeki huku, anairudisha kule, anapanda pikipiki, anazima kabla ya kufika kona.

Gari lenyewe lilikuwa Opel Kapitan ya mwaka 1956, nyeusi, pana, na pua iliyojaa kromu. Wajuzi wa mambo hayo husema zimebaki tatu katika Java Mashariki yote, na mbili kati ya hizo zimepachikwa injini za kuazima. Hii ya Bu Wiryo ilikuwa na kila kitu chake, ila kila kitu kilikuwa kibovu. Injini imekwama, sakafu imeliwa na kutu hadi unaona majani, viti vimekuwa kijiji cha panya, na katika kila mkunjo wa bati yamo majivu ya volkano ya mlima Kelud ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafuta.

"Hilo si gari," alisema Sutinah, akimpakulia wali na mboga za mchuzi wa karanga. "Hiyo ni kutu yenye usukani."

"Kutu inatoka, Mama Retno."

"Inatoka, ndiyo. Na paa la jikoni nalo linatoka. Tuanze na lipi?"

Tukijan alikula vijiko vitatu, akainuka.

"Kaa ule. Gari limekaa pale miaka kumi, litakukimbia leo?"

Litamkimbia, ndiyo. Hilo ndilo lililokuwa likimwasha. Palikuwa na mnunuzi mwingine, Pak Hendarto wa Surabaya, mwenye banda zima la magari ya kale. Bu Wiryo alikuwa amewaambia wote wawili kwamba hauzi mpaka Alhamisi ya Legi, siku ambayo shemeji yake aliihesabu kwa kalenda ya Kijava ya siku za soko na kuiona njema kwa kitu kutoka nyumbani. Siku tano za kungoja. Mtu wa kawaida angezitumia kutafuta pesa au kutafuta sababu za kuacha. Tukijan alizitumia kuogopa.

Aliogopa nini, inabidi nianzie mbali kidogo.

Huku kwetu Blitar fundi bodi hafanyi kazi mbele ya watu. Unamletea gari lililobonyea kama kopo la maziwa, analiingiza ndani, anafunga mlango kwa komeo, na wewe unakwenda zako. Ukirudi, bati limenyooka kama halijawahi kuguswa, halina pati, ule udongo mzito ambao mafundi wa miji mingine huusiliba kwenye mabonde na kuupaka rangi juu. Watu wanasema ndani mna majini. Mimi nimeishi jirani na gereji hizo tangu utotoni, na nasema wazi kwamba jini sijamwona ila nyundo nimezisikia. Mafundi wenyewe hawakubali wala hawakatai. Wanafunga saumu siku mbili kabla ya kazi kubwa, wanachoma ubani, wanatabasamu. Mlango ndio mtaji wao.

Tukijan alijifunza kwa Mbah Karsono, mzee aliyekuwa na masikio mazuri kuliko macho. Akigonga bati mara moja alikuwa anajua lilipoumia. Mwaka wa tatu wa kujifunza, mzee akiwa amelazwa kwa homa, ililetwa Opel hii hii nyeusi, ikiwa imegongwa na lori la miwa. Mwenyewe alikuwa Pak Wiryo, mume wa Bu Wiryo, mfanyabiashara wa tumbaku, mtu wa suti nyeupe na maneno machache. Madigadi ya mbele kushoto, bati linalofunika gurudumu, ilikuwa imekunjika kabisa. Tukijan, kwa kiburi cha miaka ishirini na minne, alisema ataiweza peke yake. Akafunga mlango.

Siku ya pili bati lilipasuka. Alikuwa amelipasha moto kupita kiasi na kulipiga hadi likawa jembamba, na nyundo ikatokea upande wa pili. Tundu lilikuwa la kiganja kizima. Alikaa chini kwenye mafuta machafu akalia. Kisha akaosha uso, akakata bati la kopo la biskuti, akaliunga kwa risasi iliyoyeyushwa, akalifunika kwa pati, akasugua, akapaka rangi, akang'arisha. Hakuna aliyemwona. Ndiyo faida ya mlango, na ndiyo hasara yake.

Pak Wiryo alizunguka gari mara mbili, akapitisha kidole, akasema, "Mkono wako umebarikiwa." Akaenda kulisema hilo kila mahali aliponunua tumbaku, Kediri, Tulungagung, mpaka Malang. Magari yakaanza kuja yakimtaka kijana wa Mbah Karsono. Ukweli usemwe, baada ya hapo Tukijan hakudanganya tena hata mara moja. Alijifunza kazi mpaka akaimudu, na bati alilonyoosha yeye ungeweza kuliamini ukiwa umefumba macho. Lakini jina lilikuja kabla ya kazi. Lilikuja kwa kopo la biskuti.

Kwa hiyo Jumamosi ile, alipolizunguka gari uani kwa Bu Wiryo na sumaku yake ndogo iliyofungwa kitambaa, aliipitisha kila mahali, maana penye pati nene sumaku hainati. Mlangoni ilinata. Kwenye boneti ilinata. Madigadi ya kulia, ikanata. Alipofika mbele kushoto akaitia mfukoni.

Bu Wiryo alikuwa amekaa kibarazani, kikongwe mwembamba aliyefunga kibwebwe cha batiki, macho bado makali. "Huko mbona hujapima, Pak Tukijan?"

"Huko napajua, Bu."

"Marehemu angefurahi kusikia." Akacheka kidogo. "Unajua alikuwa analiegeshaje? Kinyumenyume, siku zote, ili upande huo utazame barabara. Nikimuuliza, anasema watu waone kazi ya mtu."

Tukijan alikunywa kahawa yake mpaka machicha.

Sasa mnaelewa kwa nini hakutulia. Akilinunua, atalifungia ndani, atakata lile bati la biskuti, ataunga jipya kwa mkono alio nao sasa, na hakuna atakayejua kamwe. Asipolinunua litakwenda Surabaya, na Pak Hendarto ana mtindo wake: kila gari anabandua rangi yote mpaka bati tupu, anapiga picha kila hatua, na anawaonyesha wenzake. Siku tatu tu baada ya hapo gereji zote za Blitar zitakuwa zinacheka. Na gari alilitaka vilevile, kusema kweli. Alilitaka kwa roho yake, namna ile ile unavyomtaka mtu uliyemkosea uketi naye mpaka akusamehe. Kila alipojiuliza ni lipi kati ya hayo mawili linamsukuma, alipanda pikipiki.

Jumatatu alikwenda Srengat kununua misumari, kana kwamba Blitar hakuna misumari, akapita mbele ya nyumba ile mara mbili. Jumanne akaenda tena. Jumatano Sutinah alimkuta amesimama kwenye karakana tupu, anaipima kwa hatua.

"Litaingia?" akauliza mkewe.

"Litaingia."

"Basi nunua." Sutinah akaketi juu ya tairi. "Mimi na paa tumeshazoeana. Ila ukilileta hapa halafu bado unazunguka namna hii, nitalala ndani ya hilo gari na wewe utabaki na panya."

Angepaswa kufurahi. Badala yake alianza upya kuipima karakana. Mwanamke ameridhia, karakana inatosha, pesa zipo ndani ya bahasha, na hakuna kitu cha kumzuia kulificha jambo lake milele.

Alhamisi alifika Srengat mapema, na lori la kukodi nyuma yake, na mfuko wa vifaa vya kufungulia magurudumu yaliyokwama. Gari jeupe la Pak Hendarto lilikuwa tayari limeegeshwa nje. Mwenyewe alisimama chini ya kivuli cha ukuta, mtu mnene mpole, anajipepea kwa kofia, akisubiri aitwe kwa adabu.

Bu Wiryo alimwita Tukijan kwanza.

"Yule bwana wa Surabaya ametaja bei kubwa," alisema, kwa sauti ya chini. "Kubwa sana, sikufichi. Lakini nimeshaamua. Nitakuachia wewe kwa ile ndogo uliyoitaja."

"Kwa nini, Bu?"

"Kwa sababu ya ule mkono. Marehemu angeniuliza nimempa nani gari lake, na mimi nataka niwe na jibu."

Bahasha ilikuwa mfukoni mwa shati. Tukijan aliigusa. Kilichotakiwa ni kuitoa tu, kwa mikono miwili kama inavyopasa, na kusema asante. Vidole vyake, ambavyo havikuwahi kukaa kimya miaka yote hiyo, vilitulia.

"Bu," alisema, "ile madigadi si bati."

"Ni nini?"

"Ni kopo la biskuti na pati. Bati la asili lilinipasukia. Nilikuwa kijana, Mbah alikuwa anaumwa, nikaogopa. Nikaziba. Nilikuja kununua gari ili nifiche hilo." Aliyasema yote kwa mkupuo, akitazama chini, na alipomaliza aliona aibu iliyomchoma masikio. "Nisamehe. Muuzie yule bwana."

Bu Wiryo alijifunga upya kitambaa cha kichwani, kisha akakifungua, kisha akakifunga tena.

"Miaka thelathini na tano," alisema hatimaye. "Aliligeuza gari kila jioni. Akiwa mgonjwa, hawezi kusimama, alinituma mimi nikalitazame kama limegeuzwa sawasawa."

"Najua, Bu. Umeniambia."

"Hujui." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ungelijua ungekuja yeye akiwa hai. Nyumba iko hapa hapa, pikipiki unayo."

Bikizee aliinuka, akashika nguzo ya kibaraza, akaita kwa sauti isiyolingana na mwili wake. "Pak Hendarto. Njoo. Fundi ana neno."

Pak Hendarto akaingia uani, kofia mkononi. Tukijan alitambua kwamba bikizee hatamsaidia hata kwa silabi moja. Akatoa sumaku mfukoni, akaiweka ubavuni mwa madigadi ya kushoto, akaiachia. Ikaanguka vumbini.

Mtu wa Surabaya aliinama, akagonga kwa kucha, akasikiliza. Akakunja uso. "Aa. Hii nilikuwa nimeambiwa ndiyo bora ya gari zima. Kazi ya nani hii?"

"Yangu," alisema Tukijan.

Pak Hendarto akamtazama, akamtazama Bu Wiryo, akaona ni jambo lao wenyewe kwa wenyewe, akakohoa. "Mimi bado nalitaka. Bei ile ile. Nitampa fundi wangu aitoe."

"Hapana," alisema Bu Wiryo. "Kwako litakwenda, nimekubali. Lakini halitoki uani kwangu na uongo juu yake. Aliyeuweka atautoa." Akamgeukia Tukijan. "Vifaa unavyo?"

"Ninavyo, Bu. Nilipeleke nyumbani? Jioni nitakuwa nimelirudisha."

"Ukalifungie ndani?"

Tukijan akarudi kwenye lori, akaleta mfuko, akatandika gunia kando ya gurudumu la kushoto. Watu walikuwa wameanza kusogea: dereva wa lori, jirani mwenye beseni la nguo, wazee wawili waliokuwa wakienda sokoni. Mbali na Mbah Karsono, katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuona mikono yake ikifanya kazi, hata Sutinah. Alishika patasi, akagonga pembeni, kipande cha rangi nyeusi kikaruka na kuacha kovu mahali pasipohusika. Mmoja wa wazee akaguna. Tukijan akasimamisha nyundo hewani, jasho linamtiririka machoni, akageuka kumtazama mwenye nyumba.

Bu Wiryo alikuwa ameagiza kiti, kikawekwa juani, hatua mbili kutoka kwenye gari. Akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Endelea, Pak Tukijan," alisema. "Natazama kwa niaba ya marehemu."